Walimu wa Kiingereza: tunafundisha ufahamu au tunaupima tu?

ChakiNyeupe (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi. Uzi huu ni kwa walimu wanaofundisha Kiingereza kwa watoto ambao si lugha yao ya kwanza, pamoja na wazazi wanaokaa na daftari za watoto jioni. Ni mrefu, naomba uvumilivu.

Kabla sijasema lolote, someni sentensi hii:

Mdokele alivibwetua vinyaro vitatu kando ya lifundwe kwa sababu vilikuwa vimefarusika.

Sasa jibuni. Nani alivibwetua vinyaro? Vinyaro vilikuwa vingapi? Vilibwetuliwa wapi? Kwa nini vilibwetuliwa?

Bila shaka kila mmoja wenu amepata nne kwa nne. Na hakuna hata mmoja anayejua kinyaro ni kitu gani, wala kama kukibwetua ni kukitengeneza au kukiharibu. Maneno hayo nimeyatunga mimi. Mmejibu kwa sababu mnajua Kiswahili kinavyopangwa: mtenda yupo mwanzoni, idadi inafuata jina, na baada ya "kwa sababu" kuna sababu. Kilichobaki ni kunakili.

Hivyo ndivyo wanafunzi wengi wanavyopita katika maswali ya ufahamu ya Kiingereza. Anasoma swali, anashika neno moja, analiwinda kwenye kifungu, akilipata ananakili sentensi nzima lilimo. Sisi tunaweka vema. Mwaka unaisha, anakutana na swali linalouliza "unadhani kwa nini alinyamaza?" na hapo hana pa kunakili.

Hoja yangu ni kwamba kipindi tunachokiita cha ufahamu mara nyingi ni mtihani mdogo. Someni kifungu, jibuni maswali, leteni nisahihishe. Mafundisho yako wapi hapo? Jambo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Dolores Durkin alikaa kwenye madarasa ya shule za msingi Marekani akihesabu dakika walimu wanazotumia kuwaonyesha watoto namna ya kuelewa wanachosoma. Alikuta ni chini ya asilimia 1 ya muda wa kusoma. Muda mwingi ulikwenda kwenye kuuliza maswali na kugawa mazoezi. Na hao walikuwa watoto wanaosoma lugha yao wenyewe.

Nataka tuzungumzie kile kinachopaswa kutokea kati ya kusoma na kujibu. Naweka kifungu kidogo nilichokiandika kwa kazi hii:

"Anna came home late. The plates were still on the table and the radio was on. She looked at her brother. 'You promised,' she said. He turned it off and stood up."

Sentensi tano na maneno mepesi. Uliza "Who came home late?" na darasa zima litanyoosha mikono. Ila swali hilo halina tofauti na la vinyaro. Jaribu haya: Kaka yake aliahidi nini? Alizima nini? Alisimama ili afanye nini? Jibu la swali la kwanza na la tatu halimo kwenye maandishi, linajengwa. Msomaji anachukua sahani, anachukua neno "still", anachukua uso wa Anna anapomtazama kaka yake, anaviunganisha.

Halafu tazameni "it". Mtoto anayesoma harakaharaka anasema alizima meza, au anaruka kabisa. Na "he" na "she" ni mtego mkubwa kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kwa sababu sisi tunasema "alimtazama, akasema, akazima" bila kujali kama ni mwanamume au mwanamke. Nimeshaona mtoto akisimulia hadithi yote ya Kiingereza huku wahusika wawili wamekuwa mtu mmoja. Dawa yake ni ndogo na haina gharama: kalamu. Kila kiwakilishi kizungushiwe duara, kisha kichorewe mshale hadi kwa mwenyewe. Dakika tano tu, na mwalimu anapopita kati ya madawati anaona mara moja nani amepotea na amepotelea wapi.

Karibuni, hata wa kupinga.

---

KalamuNyekundu

Mkuu nakuunga mkono, ila umeruka mlango wa kwanza. Msamiati. Ukimpa mtoto kifungu ambacho nusu ya maneno hayajui, halafu umwambie akisie mwandishi alikusudia nini, unamwonea. Mimi nina darasa ambalo "although" na "suddenly" ni mlima.

---

ChakiNyeupe

Hapo umegonga penyewe, mwalimu mwenzangu. Kuna utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 uliojaribu kujua msomaji anahitaji kujua maneno kiasi gani ili aelewe hadithi peke yake bila msaada. Jibu lao lilikuwa karibu asilimia 98, yaani neno moja geni katika kila maneno 50. Sasa chukua kitabu unachofundishia, hesabu maneno 50, mwambie mwanafunzi wa katikati ya darasa apige mstari chini ya asiyoyajua. Yakifika matano au sita, hicho kifungu si cha kusoma peke yake. Msome pamoja, au kifupishwe, au kitafutwe kingine. Si dhambi kuandika upya kifungu kwa maneno mepesi. Afadhali kifungu chepesi kilichoeleweka kuliko kigumu kilichonakiliwa.

Umetaja "although" na ninakushukuru, maana hapo ndipo ninapoona walimu wengi wanakosea shabaha. Tunaandaa orodha ya maneno magumu ubaoni na tunaweka majina ya vitu: wanyama, vyombo, magonjwa. Mtoto akikosa jina la mnyama, hasara yake ni ndogo, atajua ni mnyama fulani na hadithi itaendelea. Akikosa "although", "unless", "instead", "yet", "until", hadithi inageuka juu chini. Mpe sentensi hii: "He will not come unless he is invited." Wengi watakwambia hatakuja kwa sababu amealikwa. Wamejua kila neno isipokuwa moja, na maana imepinduka.

Kwa hiyo kabla ya kusoma mimi huchagua maneno machache sana, matano hivi, na angalau mawili yawe ya aina hii ya viunganishi. Simpi mwanafunzi fasili. Nampa sentensi mbili zinazomhusu, anaona neno linavyofanya kazi, kisha anatunga ya kwake kwa mdomo. Mengine nayaacha kwenye kifungu wayatafute wenyewe kwa kuangalia yaliyo jirani. Ukiyafafanua yote kabla, umeshawasomea wewe.

---

MamaWaWawili

Samahanini walimu, mimi ni mzazi tu. Mwanangu mkubwa anasoma Kiingereza kwa sauti mpaka majirani wanamsifu. Hakwami, matamshi mazuri. Akimaliza nikimuuliza amesoma nini ananitazama tu. Hivi huyu anasoma au anaimba?

---

ChakiNyeupe

Mama, swali lako ni zito na uulize bila kuomba samahani.

Gough na Tunmer mwaka 1986 walieleza ufahamu kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kugeuza herufi kuwa maneno, mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Ni kuzidisha, wala si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mwanao ana cha kwanza kwa wingi. Inabidi ujue cha pili kikoje, na unaweza kukipima nyumbani bila mwalimu.

Chukua kifungu kifupi ambacho hajakiona. Akisome kimyakimya, kisha akusimulie kwa Kiswahili. Akisimulia vizuri, basi anaelewa, kinachomshinda ni kuyasema kwa Kiingereza, na hilo ni tatizo jingine kabisa. Akishindwa, msomee wewe kifungu kingine cha kiwango hichohicho polepole huku yeye anasikiliza tu. Akielewa kwa kusikia, maana yake akisoma nguvu zote zinaishia kwenye kutamka, hakubakiwa na nafasi ya kufikiri. Huyo anahitaji kurudia kusoma kifungu kilekile mara kadhaa mpaka maneno yawe mepesi mdomoni. Asipoelewa hata kwa kusikia, basi Kiingereza chenyewe bado ni kichache, na kusoma kwa sauti hata mwaka mzima hakutamwongezea. Anahitaji kuzungumza, kusikiliza hadithi, kuulizwa na kujibu.

Kwa maelezo yako nahisi ni hili la mwisho, lakini jaribu uone.

Na nitumie nafasi hii kusema wazi: ule mtindo wa kusomesha darasa zima kwa zamu, huyu aya hii, yule aya ile, ni upotevu wa kipindi. Mtoto anahesabu wenzake walio mbele, anatafuta aya yake, anaifanyia mazoezi ya kutamka, akishasoma anapumua. Hadithi hakuisikia. Akisoma aya ngumu mbele ya wenzake akakwama, amepata aibu na hajapata kitu kingine. Kusoma kwa sauti kuna mahali pake, wawiliwawili, mmoja akimsaidia mwenzake.

---

MlinziWaLugha

Mimi napinga jambo moja. Umemwambia mama asimuliwe kwa Kiswahili, na ninahisi hata darasani unaruhusu. Kipindi cha Kiingereza ni cha Kiingereza. Ukifungua mlango huo, hawatazungumza Kiingereza tena. Mtoto atazoea kutafsiri kichwani maisha yake yote.

---

ChakiNyeupe

Mkuu, hofu yako ninaielewa, na darasa linalozungumza lugha ya kwanza kipindi kizima ni darasa lililopotea. Hapo tuko pamoja.

Lakini fikiria hali hii. Umeuliza kwa nini Anna alisema "You promised". Mtoto ameelewa kabisa, ameona sahani, ameona kaka amekaa. Ila hana Kiingereza cha kuyasema hayo. Ukimlazimisha, atachagua moja kati ya mawili: kunyamaza, au kunakili sentensi. Umemfundisha kwamba kufikiri hakuna faida, faida iko kwenye kunakili. Hicho ndicho ninachokipigania hapa.

Ninavyofanya mimi: swali gumu likiulizwa, wanapewa dakika mbili wawiliwawili wazungumze kwa lugha yoyote. Kisha kutoa jibu mbele ya darasa ni kwa Kiingereza, na ubaoni kuna ngazi ya kupandia: "I think … because the text says …" Mwanzo wa sentensi wanao, wazo wanalo, kilichobaki ni kuunganisha. Baada ya muda ngazi ile inafutwa ubaoni na wao wanaendelea kuitumia. Lugha ya kwanza imetumika kufikiria, ya pili imetumika kusema, na kila moja imefanya kazi yake.

Kuna jambo jingine linalohusiana na kunyamaza. Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde 1 tu, halafu mwalimu anamwita mwingine au anajibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na wanafunzi waliokuwa wakikaa kimya wakaanza kujitokeza. Wale walikuwa watoto wanaojibu kwa lugha yao. Wetu wana kazi mbili kichwani, kutafuta jibu na kutafuta maneno ya kulisemea. Sekunde moja itawatosha kweli?

---

MlinziWaLugha

Wawiliwawili kwa lugha yoyote, kisha ripoti kwa Kiingereza. Hilo naweza kulikubali, mradi dakika mbili ziwe mbili kweli.

---

DarasaLaSabini

Walimu, yote ni mazuri ila mimi nina wanafunzi zaidi ya sabini na vitabu havitoshi, wanagombania kurasa. Mishale na maduara nichoree wapi? Nilijaribu kile kifungu cha Anna leo, nimekiandika ubaoni. Kelele ilikuwa kubwa lakini walizungumza. Majibu ya "aliahidi nini" yamekuja matatu: kuosha vyombo, kutowasha redio, na kuwahi kurudi nyumbani. Nikabaki sijui niyapokee yote au vipi.

---

ChakiNyeupe

Umenifurahisha sana, mwalimu. Kuandika ubaoni ndiyo njia yenyewe. Kifungu kifupi cha sentensi tano hadi nane, wanakinakili kwenye daftari wakiacha mstari mmoja wazi kati ya mistari, na hapo mishale ina nafasi. Au ukisome kama imla, wamepata zoezi la kusikiliza na tahajia papo hapo.

Kuhusu majibu matatu, usiyapokee yote na usiyakatae wewe. Warudishe kwenye maandishi. "Kuwahi kurudi" linaanguka lenyewe: aliyechelewa ni Anna, si kaka, na huyo aliyejibu hivyo amechanganya nani ni nani. Mpe mishale. "Kutowasha redio" lina ushahidi, kwa sababu alipoambiwa aliizima. "Kuosha vyombo" lina ushahidi pia, na nadhani zaidi, kwa sababu ya "still": vyombo vilitakiwa viwe vimeshaondoka. Tena kaka alisimama, na kama ahadi ilikuwa ya redio tu, huenda kuizima kungetosha. Waache wabishane juu ya hayo mawili. Mwanafunzi anayesema "teacher, look at 'still'" ameshajua kusoma kuliko aliyepata kumi kwa kumi ya kunakili.

Kwa darasa kubwa, jaribu vikundi vya wanne, kila mmoja na kazi yake. Msingi wa mpango huu waliutoa Palincsar na Brown mwaka 1984 kwa wanafunzi waliokuwa wakitamka vizuri na kuelewa kidogo, kama mtoto wa MamaWaWawili. Mmoja anauliza swali juu ya aya, mmoja anafafanua palipo na giza, mmoja anafupisha kwa sentensi moja, mmoja anabashiri kitakachofuata. Aya inayofuata wanabadilishana kazi. Ila angalizo: usiwagawie kazi hizo siku ya kwanza na kukaa kwenye kiti. Wiki za mwanzo unafanya wewe mbele yao, kwa sauti, ukionyesha hata unapokwama: "hapa sijaelewa, ngoja nirudi sentensi ya juu." Watoto wengi hawajawahi kumwona msomaji mzuri akirudi nyuma. Wanadhani anayejua hasomi mara mbili.

---

MsomajiWaUsiku

Naomba kuongeza jambo ambalo halijatajwa: kujua habari yenyewe. Recht na Leslie, 1988, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji waliohesabiwa dhaifu lakini wanaoujua mchezo walikumbuka na kueleza vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo tunapomwita mtoto dhaifu wa ufahamu, huenda ni mgeni tu wa mada.

Na jambo la pili ni wingi wa kusoma. Elley na Mangubhai waliandika mwaka 1983 juu ya shule za vijijini Fiji zilizopewa mafungu ya vitabu vya hadithi vya Kiingereza, vyenye picha na vya kuvutia, watoto wasomewe na wasome wenyewe. Maendeleo yao katika kusoma yaliwaacha mbali waliobaki na mafundisho ya kawaida. Mishale ni mizuri, lakini mtoto anayesoma aya moja kwa wiki hafiki.

---

ChakiNyeupe

Asante sana kwa kuleta haya, na la pili ningelitaja mwanzoni kabisa kama ningeanza uzi upya. Mbinu zinafungua mlango, kinachomjenga msomaji ni kurasa. Vitabu vyepesi, vyepesi kuliko tunavyodhani vinamfaa, na asiulizwe maswali kila akimaliza. Mwache asome kwa raha yake.

Kwenye la kwanza, dakika tatu za mazungumzo kabla ya kufungua kifungu zinasaidia mno. Kifungu ni cha nyuki? Waulize wanajua nini juu ya nyuki, wabishane kidogo, maneno mawili matatu ya Kiingereza yaingie humo. Wakifungua ukurasa wanakwenda kuhakikisha nani alisema kweli. Na ukiweza, fululiza vifungu vya mada moja kwa wiki mbili. Maneno yaleyale yanarudi yenyewe na kifungu cha nne kinasomeka kwa wepesi ambao cha kwanza hakikuwa nao.

---

KalamuNyekundu

Swali la mwisho kutoka kwangu, na wengi wanaliogopa. Mtihani bado unauliza "who", "where", "when". Mkuu wa shule anataka alama. Nikitumia muda wote kwenye mishale na mabishano, tutapona?

---

ChakiNyeupe

Mtapona, kwa sababu anayejibu "why do you think" hashindwi na "where". Kinyume chake ndicho kisichowezekana. Hata hivyo usiache kuwafundisha namna ya kujibu mtihani: kusoma maswali kabla ya kifungu, kujibu kwa nafsi na wakati unaotakiwa, kutonakili sentensi nzima pale jibu linapotaka maneno matatu. Kipindi kimoja kwa wiki mbili kinatosha kwa hilo.

Mimi nimebadilisha namna ya kusahihisha, na hapo ndipo wanafunzi waliposhika jambo hili kwa haraka. Kila jibu lina alama mbili. Moja ni ya jibu. Ya pili ni ya ushahidi: apigie mstari kwenye kifungu maneno yaliyomfikisha hapo, na kama jibu limejengwa kutoka sehemu mbili, apigie zote mbili na kuziunganisha. Aliyekosea jibu lakini akaonyesha alikopita anapata nusu, yaani alama moja ya ushahidi, na mimi najua wapi pa kumrekebisha. Aliyebahatisha anapata moja tu.

Ukianza, anza na maswali matatu kwa kila kifungu badala ya kumi: moja la kunyofoa, moja la kuunganisha, moja la kusema anavyodhani na kwa nini. Daftari sabini zenye maswali matatu unazimaliza, na utakuwa na nafasi ya kusoma wanachokiandika.